Mwanafalsafa na Mipaka ya Ubinadamu

Kamati zetu zinapoorodhesha kaya zenye shida, huandika idadi ya watoto, aina ya paa na umbali wa kisima. Orodha hizo zina kazi yake. Lakini je, baada ya kuzijaza, tumemjua mtu?

Edmund Husserl, mwanzilishi wa falsafa iitwayo fenomenolojia, aliuchukua uzito wa swali hilo. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulikuwa umempa amri ya kusimamishwa chuoni Freiburg kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, ingawa alikwisha kubatizwa Mlutheri tangu 1886. Mwezi Mei 1935, mzee wa miaka 76, alihutubia mjini Vienna. Alilalamika kwamba elimu zinazomchunguza binadamu, hasa saikolojia, zinaiga fizikia na kumtazama mtu kutoka nje kana kwamba ni jiwe. Fenomenolojia huanzia kwingine: namna ulimwengu unavyomtokea yule anayeuishi. Kipimajoto huonyesha homa ya mtoto. Hofu ya mama aliyeketi kando ya kitanda haimo katika kipimajoto, nayo ni kweli sawasawa na homa. Hapo twakubaliana naye kabisa.

Walakini, hatuwezi kulinyamazia doa moja. Katika hotuba ileile Husserl aliihesabu Marekani kuwa sehemu ya Ulaya ya kiroho, lakini akawaweka nje Waroma, waliokuwa wakiishi Ulaya kwenyewe. Miaka michache baadaye Wanazi waliwaua Waroma kwa maelfu mengi, pamoja na mamilioni ya Wayahudi. Hatusemi kuwa hotuba ile iliwaua; huo ungekuwa uzushi. Twasema kwamba aliyetufundisha kumwelewa mtu kutoka ndani, hao hakuwauliza neno. Nasi tumekwisha kuwasahau wangapi katika orodha zetu?

Msaidizi wake wa zamani, Edith Stein, Myahudi aliyekuja kuwa mtawa Mkarmeli, aliuawa Auschwitz mwaka 1942, na mwaka 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu. Tasnifu yake ya 1916 ilichunguza jinsi tunavyoyatambua maumivu ya mwenzetu: twayafahamu kweli, hata hivyo yanabaki kuwa yake.