Kapsuli Inayoficha Ugonjwa

Mei 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa orodha mpya ya bakteria sugu wanaopaswa kutafutiwa dawa kwa haraka. Katika orodha iliyotangulia, ya 2017, alikuwamo Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, aliyewekwa daraja la juu kwa sababu ya usugu wake kwa klarithromaisini. Safari hii ameondolewa. Kwa Tanzania uamuzi huo ni mbaya, na ubaya wake utaonekana mbali sana na Geneva. Utaonekana kwenye kata kama Nambis, wilayani Mbulu, na katika wilaya jirani ya Hanang, ambako mtu mwenye maumivu ya chembe ya moyo huanzia duka la dawa na kutoka na kapsuli za omeprazoli bila kuulizwa kama amewahi kupimwa. Tumezoea kutibu ugonjwa huu kwa kushusha asidi peke yake. Sasa kila mpanga bajeti asiyetaka kununua vipimo amepata karatasi ya kuonyesha kwamba hata wakubwa wa dunia hawamhesabu tena bakteria huyu.

Dawa zenyewe za kushusha asidi hazina kosa. Simetidini ilipoingia sokoni Uingereza mwaka 1976, ilibadilisha maisha ya watu waliokuwa wakipasuliwa tumbo kwa sababu ya vidonda, na James Black, aliyeongoza kazi iliyoizaa, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Omeprazoli, iliyotoka Sweden mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, ina nguvu zaidi kwa sababu inafunga pampu zenyewe zinazomwaga asidi tumboni. Mgonjwa aliyetapika damu anaihitaji. Mzee anayelazimika kumeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti anaihitaji, na hali kadhalika mtu ambaye asidi imepanda ikamchubua umio. Ubishi wangu hauwahusu hao. Unahusu kapsuli inayotolewa kwa yeyote anayelalamika tumbo, mwezi baada ya mwezi, kana kwamba asidi ndiyo ugonjwa.

Tangu Barry Marshall na Robin Warren walipomwotesha bakteria huyu katika maabara ya Perth, Australia, mwaka 1982, hakuna kisingizio cha kuamini hivyo. Marshall alifika hatua ya kumnywa bakteria mwenyewe, akaugua tumbo, ili kuwashawishi madaktari waliokuwa wakilaumu mawazo na pilipili. Wote wawili walipewa Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 bakteria huyo alikuwa tayari ametangazwa kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Uchambuzi wa takwimu za dunia uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba karibu asilimia 70 ya watu wa Afrika wanaye. Kidonda kilicholetwa na bakteria huyu, kikitibiwa kwa kushusha asidi tu, kwa wagonjwa walio wengi hurudi ndani ya mwaka mmoja. Akiuawa bakteria, ni wachache sana wanaorudiwa. Elimu hii ina zaidi ya miaka 30.

Lakini hata hilo silo linalonifanya niishupalie hoja hii. Lililo kubwa zaidi, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kwamba kapsuli hizi humficha bakteria asionekane kwenye kipimo. Vipimo viwili vinavyoaminika bila kuingiza kamera tumboni ni cha kinyesi na cha pumzi. Cha kinyesi hutafuta chembe za bakteria mwenyewe. Cha pumzi hutegemea kimeng'enya chake: mgonjwa hunywa yurea, bakteria huivunja, na hewa inayozalishwa hutoka na pumzi na kupimwa. Vyote vinahitaji bakteria wawepo kwa wingi, na cha pumzi kinahitaji pia kimeng'enya chao kiwe kinafanya kazi. Omeprazoli huwapunguza, hudhoofisha kimeng'enya hicho, na huwasukuma kutoka sehemu ya chini ya tumbo kwenda sehemu ya juu. Hawafi. Wanakuwa wachache mno na wamejificha mno, hata kipimo kinasema hawapo. Hata nyama inayokatwa kwa kamera kutoka sehemu ya chini ya tumbo inaweza kuwakosa. Ndiyo maana miongozo ya tiba inataka mgonjwa aache kapsuli hizi kwa wiki mbili kabla ya kupimwa, na aache antibiotiki kwa wiki nne. Kipimo cha damu hakidanganywi na kapsuli, ila kina udhaifu wake: kinga kinachoitafuta hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa hiyo hakiwezi kusema kama bakteria yupo leo au aliondoka zamani.

Sasa mfuate mgonjwa. Amemeza kapsuli kwa miezi, maumivu yakipungua na kurudi. Anakopa nauli, anakwenda mjini kupimwa. Hakuna aliyemwambia aache dawa, na kama angeambiwa, huenda asingejua kwamba zile kapsuli za gesi alizonunua dukani ndizo zinazozungumziwa. Jibu linatoka: hana bakteria. Anarudi nyumbani na hakikisho la kitaalamu kwamba tatizo lake ni asidi, kisha ananunua pakiti nyingine. Dawa iliyotakiwa kumpa nafuu wakati chanzo kikitafutwa imekuwa ndiyo inayozuia chanzo kisipatikane, na kosa hilo sasa limeandikwa kwenye cheti chake.

Akijaribu kuacha, anakutana na mtego wa pili. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa watu wenye afya njema, wasio na maumivu yoyote ya tumbo, dawa ya jamii hii kwa wiki nane, kisha wakawaachisha. Katika wiki za mwisho za ufuatiliaji, asilimia 44 kati yao walikuwa na kiungulia au dalili nyingine za asidi, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Tumbo lililozuiwa asidi hujiandaa kutoa nyingi zaidi, na kizuizi kikiondoka huimwaga. Mtu wa Nambis anayesema kwamba bila kapsuli hawezi kulala anasema kweli. Kosa ni letu tunaochukulia maumivu hayo kuwa uthibitisho kwamba anazihitaji.

Wanaoutetea uamuzi wa WHO watasema orodha ilipangwa kwa vigezo vinavyoeleweka, vikiwemo vifo na uwezekano wa kutibika, na kwamba kutokuwamo hakumaanishi kupuuzwa. Sawa. Wengine watasema kwamba wengi wenye bakteria hawaugui kamwe, kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta. Hakuna anayedai tuwapime wasiolalamika. Tunamzungumzia anayelalamika. Wapo pia wanaohofia kwamba kutibu wengi kutaongeza usugu. Usugu tayari upo, watafiti wa hospitali ya Bugando kule Mwanza wameuonyesha, na unakuzwa zaidi na antibiotiki inayomezwa siku tatu kwa kubahatisha kuliko tiba kamili ya siku 14 anayopewa mtu aliyethibitishwa kuwa na bakteria.

Hoja ya kwamba kijijini upimaji hauwezekani ndiyo inayonimalizia uvumilivu. Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 katika wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, ilikuwa kituo kimoja kati ya vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliowafuata watoto tangu kuzaliwa na kuchunguza vinyesi vyao kutafuta vimelea. Miaka yote hiyo kinyesi cha mtoto wa kijijini kilifaa kuchukuliwa, kuhifadhiwa na kupimwa kwa faida ya sayansi ya dunia. Kinakuwaje kigumu kupimwa kwa faida ya mama yake mwenye vidonda? Na wauza dawa si watu wasioweza kufundishika: mpango wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ulijengwa juu ya mafunzo yao. Wanaweza kufundishwa kuuliza kuhusu kinyesi cheusi, kutapika damu, kupungua uzito na chakula kukwama kooni, na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo yeyote anayejibu ndiyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na vitita vyake ndivyo vitakavyoamua kama jambo hili litabadilika. Kipimo cha kinyesi cha H. pylori kiwekwe humo kwa ngazi ya kituo cha afya, pamoja na tiba kamili ya siku 14. Mgonjwa asiye na dalili za hatari apimwe kabla ya kuanzishiwa omeprazoli. Aliyekwisha kuianza asipimwe hadi ziishe wiki mbili bila kuimeza, akisaidiwa kwa vidonge vya magnesiamu maumivu yakizidi, na fomu ya maabara iwe na nafasi ya kuandika tarehe aliyomeza kapsuli ya mwisho. Jibu la hasi lililotoka bila tarehe hiyo kujazwa lisihesabiwe kuwa jibu.