Mji Mkongwe si Pambo

Kila anayeusifu Mji Mkongwe wa Unguja huanza na milango. Atakueleza nakshi zake, misumari yake ya shaba, na vichochoro ambamo mgeni hupotea na akafurahi kupotea. Sina ugomvi na milango. Ugomvi wangu ni na sifa zinazoishia mlangoni, zisiulize ndani anaishi nani.

Tuanze na historia. Mji ule ulisimama kwenye rasi ya Shangani, ukitengwa na Ng'ambo kwa mkono wa bahari ambao ulikuja kufukiwa katika karne ya 20. Jina la Darajani ndilo ukumbusho wa daraja lililovuka pale. Waomani walijenga Ngome Kongwe baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, majumba ya mawe yaliongezeka kwa fedha za karafuu, za pembe za ndovu, na za binadamu waliouzwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini likajengwa kanisa. Anayekusimulia uzuri wa mji huu akaliruka soko lile, amekusimulia nusu ya mji.

Sasa tuzitazame nyumba zenyewe. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa hupumua, maji yanayoingia hupata njia ya kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, ukuta ukalegea na ncha za boriti zikaoza. Hata hivyo saruji inaendelea kupakwa, na mwenye kuipaka hujisifu kuwa amekarabati.

Tusiseme kwamba hatukuonywa. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu kubwa lilipokuwa likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Ikiwa hayo yalilifika jumba maarufu kuliko yote, itakuwaje nyumba ya wakfu kule Kiponda, ambayo hakuna anayeipiga picha? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo wasemao kwamba mkombozi ni utalii. Nakubali kwamba yapo magofu yaliyofufuliwa kwa kugeuzwa hoteli, na vijana wetu wamepata kazi humo. Lakini hoteli huikomboa nyumba moja, na papo hapo hupandisha bei ya nyumba ya jirani. Mpangaji wa zamani hahimili, anahamia mbali. Akiondoka yeye, anaondoka mtu aliyekuwa akisikia tone la kwanza la dari inayovuja na kupanda kuzibua mfereji. Baraza lililokuwa la kahawa na bao linabaki kuwa la kuanikia bidhaa za wageni. Mji wa namna hiyo mgeni atakuja kutazama nini, kama si wageni wenziwe?

Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na chuo cha ualimu kilitufundisha kuanza somo na kile anachokijua mtoto. Mtoto wa Malindi anaijua ngazi ya kwao, anamjua fundi wa mtaani, anajua adabu ya kupita barazani penye wazee. Hicho ndicho kitabu chake cha kwanza cha historia. Tukimhamisha, tumemnyang'anya kitabu, kisha tunalalamika kuwa vijana hawajui asili yao.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, sehemu ya nyumba za wakfu na za serikali zitengwe kwa wakaazi, kwa kodi wanayoiweza, na zisigeuzwe hoteli. Pili, sehemu ya fedha inayotokana na watalii irudi kwenye paa na mifereji ya nyumba wanamoishi watu, kabla ya kupaka rangi kuta za mbele. Tatu, vijana wafundishwe kazi ya chokaa na boriti, tena walipwe kama mafundi wanavyostahili, maana ujuzi huo unazikwa na wazee wetu mmoja mmoja.

Nitaambiwa kwamba haya ni gharama. Ni gharama kweli. Lakini anayeona gharama ya pipa la chokaa ni kubwa, na akahesabu gharama ya jumba lililoanguka na watu waliokuwa chini yake.