Saba ya Nini? Nambari za Tarakilishi Zinapowapumbaza Wanunuzi

Miongoni mwa mambo ambayo shule zetu zimeyapokea bila kuyahoji ni majina ya prosesa, yaani kile kipande kidogo cha elektroniki kinachofanya hesabu zote za tarakilishi. Mzazi au mwalimu kutoka Bahati aingiapo katika duka la vipakatalishi mjini Nakuru hukaribishwa kwa maneno kama "i5", "i7" na "Ryzen 5". Aghalabu huondoka akiamini kuwa saba ni bora kuliko tano, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa katika hesabu. Imani hiyo huweza kuigharimu shule fedha ambazo wazazi wamezichanga kwa jasho.

Si kwamba watu wetu hawajui kusoma nambari. Mkulima wa Bahati amezisoma kwa miaka mingi katika mifuko ya mbegu za mahindi. Anajua kuwa mbegu ya H614 ni ya nyanda za juu, kwa sababu tarakimu 6 iliyotangulia ndiyo alama ya nyanda hizo. H511 na H513 ni za maeneo ya mwinuko wa wastani. Zile zinazoanza kwa herufi DH ni za sehemu kame, na PH ni za Pwani. Herufi P imetokana na neno letu wenyewe, Pwani. Mpango huo haukumfanya mkulima kuwa mtaalamu wa mbegu, lakini umemwezesha kuuliza swali la maana: je, mbegu hii ni ya udongo na baridi ya kwetu?

Prosesa nazo zilikuwa na mpango wa aina hiyo hapo awali. Kampuni ya Intel ilitoa 8086 mwaka 1978, 80286 mwaka 1982, 80386 mwaka 1985 na 80486 mwaka 1989. Tarakimu ilipopanda, chombo kilikuwa kipya zaidi na chenye nguvu zaidi. Hata hivyo, kampuni shindani ya AMD nayo iliuza prosesa yenye nambari 386, na mwaka 1991 mahakama moja nchini Marekani iliamua kwamba Intel haingeweza kuimiliki nambari hiyo kama alama yake ya biashara. Ndiyo sababu kizazi kilichofuata, mwaka 1993, hakikuitwa 586 bali Pentium, jina lililoundwa kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tano. Tangu hapo jina lilitakiwa kwanza kumlinda mwenye mali, na kumfahamisha mnunuzi kukawa jambo la pili.

Mwaka 2008 ikaja Core i7, ikafuatwa na i5 mwaka 2009 na i3 mwaka 2010. Tarakimu hizi huonyesha daraja la bidhaa miongoni mwa ndugu zake wa kizazi kimoja tu. Hazihesabu viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, wala hazitaji umri. Mathalani, i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili, ilhali i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne. Anayeikimbilia saba na kuiacha tano hapo amekimbilia nusu ya viini.

Mtu ataniambia kwamba kizazi hutajwa na tarakimu inayofuata kistari. Ni kweli kwa hizo mbili nilizozitaja: ya kwanza ni ya kizazi cha saba, ya pili ni ya kizazi cha nane. Lakini katika i5-1135G7 kizazi kimeandikwa kwa tarakimu mbili, nacho ni cha kumi na moja; ile 7 ya mwisho ni daraja la sehemu inayochora picha. Kwa upande wa AMD, katika vipakatalishi vya mfululizo wa 7000 tarakimu ya kwanza ni ya mwaka wa soko, na ile ya tatu ndiyo inayofichua usanifu wa ndani. Kwa hiyo Ryzen 5 7520U ina usanifu wa Zen 2, ulioanza kuuzwa mwaka 2019, na Ryzen 5 7540U ina Zen 4, ulioanza mwaka 2022. Majina hayo mawili yanatofautiana kwa tarakimu moja tu, iliyofichwa katikati.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapotufaa. Lugha yetu haituruhusu kuitupa nambari hewani. Tukihesabu, tunasema "viini vinne", na kivumishi cha idadi hupatana na nomino yake. Tukipanga kwa mfuatano, hatuna budi kutumia a-unganifu: "kizazi cha nne", "daraja la saba". Kila mwanafunzi wa shule ya upili anaijua tofauti hiyo. Majina ya prosesa yameinyang'anya nambari nomino yake, nayo nambari isiyo na nomino humwacha kila msikilizaji aijazie anayoitamani. Dawa ni kuirejesha. Muuzaji akisema "saba", tumuulize: saba ya nini?

Swali hili si mchezo wa wanaisimu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa programu ya Windows 10. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haizitambui rasmi karibu prosesa zote za Intel za kizazi cha saba na vilivyokitangulia, bali inazikubali nyingi za kizazi cha nane. Maana yake ni kwamba shule iliyojivunia i7 ya kizazi cha saba imenunua mashine zilizofungiwa mlango, na jirani yake aliyenunua i3 ya kizazi cha nane mlango u wazi kwake. Tena soko letu limejaa vipakatalishi vilivyokwisha kutumika ng'ambo, ambavyo kibandiko chao hutaja i7 bila kutaja kizazi.

Wako watakaosema haya tuwaachie mafundi. Fundi ni wa kuheshimiwa, lakini mara nyingi fundi na muuzaji ni mtu mmoja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bodi za shule na zidai kila muuzaji aandike kwa sentensi kamili, kabla ya kulipwa, prosesa ni ya kizazi cha ngapi, ina viini vingapi, ilitolewa mwaka gani, na kama inakubaliwa na Windows 11. Nao walimu wa Kiswahili wanapofunza vivumishi vya idadi na a-unganifu, wawape wanafunzi kibandiko cha kipakatalishi kimoja wakieleze kwa maneno. Mwanafunzi atakayeweza kufanya hivyo atakuwa amejifunza sarufi, na mzazi wake hatadanganyika kwa urahisi atakapofika dukani.