Kukesha na kompyuta hakutakupa jibu

IKIWA kazi yako ni kuunda programu za kompyuta, nina swali moja kwako: jana ulilala saa ngapi? Nauliza kwa sababu vijana wa kazi hiyo wanaofika kliniki hulalamika kuhusu kichwa, mgongo na macho, na wengi huomba miwani. Ni wachache wanaoihitaji. Ukiwadadisi, utasikia kwamba programu iliyofanya kazi vyema Ijumaa imegoma Jumatatu, hakuna ajuaye sababu, na mkubwa wa kazi anataka jibu kabla ya asubuhi.

Basi kijana hukesha. Hunywa kahawa saa nne usiku, asijue kwamba baada ya muda wa saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini hiyo ingali mwilini. Ifikapo saa nane anafuta hapa, anaongeza pale, na kila anapogusa anazua hitilafu mpya. Mwaka wa 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka hadi kuwa sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mtu wa namna hiyo hafai kushika usukani, lakini twamkabidhi programu ya benki!

Sisi madaktari tuna kazi inayofanana na hiyo. Mgonjwa wa homa nikimpa dawa tano kwa pamoja akapona, sitajua iliyomponya ni ipi. Akizidiwa, sitajua iliyomdhuru. Badilisha jambo moja, tazama, andika ulichoona. Ukikwama, mwite mwenzako umweleze tatizo tangu mwanzo. Mara nyingi utaliona kosa kabla hajafungua kinywa. Usipoliona, nenda ukalale.

Mahojiano ya kazi ni shida nyingine, na hapa lawama nawapelekea waajiri. Kijana mwenye ujuzi husimamishwa mbele ya ubao, jopo likimkodolea macho, aandike programu kwa kalamu huku akieleza kila anachofikiri. Moyo huenda mbio, viganja hulowa jasho, na aliyoyajua jana hutoweka. Mwaka wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na kampuni ya Microsoft, kule Marekani, walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi 48 wa kompyuta swali la aina hiyo. Baadhi walilijibu mbele ya mtazamaji, wengine peke yao chumbani. Kutazamwa tu kulipunguza utendaji kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa. Walioachwa peke yao walifaulu wote, ingawa ni kweli idadi yao ilikuwa ndogo. Kilichopimwa hapo ni woga. Mimi nilipotafuta kazi, hakuna aliyenitaka nimshone mtu kidonda huku nikihutubia jopo. Mpe mtu chumba kitulivu na muda wa kutosha, kisha mjadiliane kuhusu alichoandika. Hilo haligharimu chochote.

Nawe unayekwenda kuhojiwa, fanya mazoezi mbele ya rafiki, kwa sauti, mara kadhaa, hadi uzoee kutazamwa. Wapo wanaotafuta vidonge vya propranolol ili moyo utulie. Dawa hiyo yaweza kubana pumzi za mwenye pumu hata ikahatarisha maisha yake. Usiimeze kabla daktari hajakupima.

Kukataliwa mara kumi, bila hata barua ya kueleza sababu, huumiza. Iwapo kwa majuma mawili huzuni haiondoki, chakula hakipiti, usingizi haupatikani na hutaki kuona watu, mwone daktari. Na ukianza kufikiria kujiua, usingoje majuma hayo mawili wala miadi yoyote: mwambie aliye karibu nawe akupeleke hospitalini leo hii.