Dhiki Haikutusomesha

Msomaji, ukikaa na watu waliosoma Eldoret siku zilizopita, nao wakawa walipanga vyumba katika nyumba kuukuu za baraza la mji, hutangoja sana kabla hujazisikia sifa za nyumba hizo. Watasifu kuta zilizopasuka, na mabati yaliyovuja, na bomba moja la maji kwa ua mzima, kwa sauti ambayo watu wengine huitumia wakisifu bustani. Watacheka mpaka watoe machozi. Kisha mmoja wao, aghalabu yule aliyefanikiwa kuliko wenziwe, atasema kwamba dhiki ile ndiyo iliyomsomesha, na kwamba vijana wa leo wameharibiwa na raha. Mimi nilikaa katika mtaa mmoja wa namna hiyo, ambao jina lake sitalitaja, na furaha yake naikumbuka kama wao. Lakini neno lile la mwisho nalikataa, na nakuomba ulikatae pia, hasa ikiwa zamu yako ya kutafuta chumba inakaribia.

Furaha yenyewe ilikuwa ya kweli. Eldoret umekaa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai huko hauna huruma kwa mtu mwenye blanketi moja. Basi jioni wanafunzi wa vyumba vitatu au vinne walikusanyika uani kuzunguka jiko moja la makaa. Alikuwapo wa uuguzi, na wa ualimu, na wa ufundi wa mitambo, na kila mmoja alijua nusu ya masomo ya mwenzake kwa kuyasikia yakisomwa kwa sauti. Kitabu kilichonunuliwa na mmoja kilisomwa na watano kwa zamu, na zamu ya alfajiri alipewa aliyekuwa mvivu jana. Mama jirani aliyeuza githeri aliyaandika madeni yetu kwa penseli, wala hakueleza kwa nini hakutumia wino. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alisikiliza mabishano yetu ya hesabu kutoka chumba cha pili, akagonga ukuta kwa fimbo kila alipodhani tumekosea. Sina hakika kwamba alijua majibu, lakini hofu ya fimbo ile ilitufanya tuhesabu mara mbili.

Wapangaji walitoka kila upande wa nchi, na Kiswahili kikawa lugha ya ua. Mji huu ulipoingia katika msiba wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wengi walijifunza kwa majonzi thamani ya ua ambao mtu haulizwi kabila lake kabla ya kuazimwa chumvi.

Sasa tafuta, msomaji, kitu kilichoyaleta mambo hayo yote pamoja. Je, ni bati lililovuja? Je, ni ufa wa ukutani? Hasha. Ni kodi ndogo. Kodi ya nyumba za umma haikupanda kila mara mwenye nyumba alipotamani gari jipya. Kwa sababu hiyo mjane aliweza kubaki karibu na soko, mstaafu karibu na reli, na mwanafunzi karibu na darasa lake, akaenda kwa miguu na nauli yake ikanunua unga. Watu walioweza kukaa mahali pamoja miaka mingi wakawa majirani, na mwanafunzi akawa mtoto wa ua. Toa kodi ile uache ufa, uone kama kuna mtu atakayekuja kuimba sifa.

Tena yafaa ujue asili ya ufinyu tunaousifu. Eldoret ulianza katika shamba lililohesabiwa namba 64, ambako posta ilifunguliwa mwaka 1910. Ndiyo maana wazee waliuita Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924, na kazi zikaongezeka. Lakini katika miji ya Kenya ya wakati ule mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia: alipewa nafasi ya kitanda, na mkewe na watoto wake walitarajiwa kubaki vijijini. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba mishahara ilikuwa imepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na jamaa. Vyumba vilipimwa kwa kipimo hicho hicho, na nyumba nyingi zilizojengwa baadaye zilikirithi. Anayesema kwamba chumba chembamba kilikusudiwa kutufunza subira anaisifu hesabu ya mkoloni bila ya kujua, akaiita malezi.

Liko jambo jingine lililo zito kuliko hilo. Wanaosimulia ni wale waliofaulu. Katika karamu ya kumbukumbu hakuna kiti cha yule ambaye mvua ilimlowesha madaftari wiki ya mtihani, akarudi kwao asirejee. Hakuna kiti cha msichana aliyejizuia kunywa maji tangu alasiri ili asilazimike kwenda chooni gizani. Hakuna kiti cha aliyefunga dirisha kwa ajili ya baridi akaliingiza jiko ndani. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo imeua watu wengi katika nyanda zetu za baridi. Hao nao walipata dhiki ile ile. Ikiwa dhiki ni mwalimu, kwa nini haikuwasomesha? Aliyevuka mto wenye mamba ana haki ya kushukuru, lakini hana haki ya kuwapendekezea watoto wa wenzake njia hiyo.

Wako na wengine ambao hawana kumbukumbu yoyote. Hao wakipita karibu na nyumba hizi huona matofali mabovu tu juu ya kiwanja cha thamani. Mabaraza ya miji yaliondoka mwaka 2013 serikali za kaunti ziliposhika kazi. Eldoret ulitawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Na katika mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, inayomkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake na kumtoza mwajiri kiasi kama hicho. Sipingi nyumba mpya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na usafi wa kiasi cha kuridhisha, na paa linalovuja halitimizi haki hiyo. Nauliza tu ni nani aliyehesabiwa kabla ya tingatinga kuwashwa. Jina lililo katika daftari la kodi ni la mpangaji mmoja. Mwanafunzi aghalabu ni mpangaji wa mpangaji: amepewa chumba cha nyuma kwa maneno ya mdomo, na mlango ukivunjwa hana karatasi ya kuonyesha. Sheria nayo huwapanga watu kwa mapato ya mwezi, wa chini ya shilingi 20,000 upande huu na wa juu ya hapo upande ule. Mwanafunzi hana mapato ya mwezi, ana karo.

Na wanafunzi hawa si wachache. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984 kilianza na wanafunzi 83 wa elimu ya misitu. Leo kuna vyuo vikuu, chuo cha ufundi cha kitaifa, na vyuo vingi vidogo katika mji huu na kando yake, na wanafunzi wengi sana hulala nje ya vyuo, katika vyumba vya watu binafsi ambavyo kodi yake hufuata tamaa ya soko.

Basi nataka mambo machache, na yote yanawezekana. Kabla ya mtaa wowote wa umma kubomolewa, waandikwe wote wanaolala humo, pamoja na wa chumba cha nyuma. Katika kila mtaa utakaojengwa upya, sehemu ya vyumba ibaki ya kupangishwa, isiuzwe, na mwanafunzi aruhusiwe kulipa kwa muhula. Ua uachwe, wala usigeuzwe wote kuwa maegesho. Na nyumba zitakazobaki kama zilivyo zitiwe mabati mazima na taa mlangoni pa choo mwaka huu, zisingoje ramani.

Nawe ukimsikia tena mtu mzima akiisifu dhiki iliyomsomesha, usimkatize, maana hadithi zake ni tamu. Mwache amalize. Kisha muulize kwa heshima chumba chake kilikuwa kodi gani wakati ule, na chumba kama hicho ni kodi gani sasa. Muulize pia yule aliyelala kitanda cha pili yuko wapi.