Jina la Gereza ni Ahadi, na Ahadi ni Deni

Lugha ya Kiingereza ina maneno mengi yahusuyo kufunga watu na kuwaadhibu, na mengi kati ya hayo yana sura ya upole. Mtumishi wa umma na mwalimu, ambao kila siku huyasoma na kuyafasiri, hawana budi kuyachungua kabla ya kuyapokea. Neno zuri likivikwa jambo baya, wa kwanza kudanganyika ni yule anayelitumia.

Tuanze na neno "penitentiary", ambalo asili yake ni toba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1779 ilikusudia yajengwe majumba ambamo mhalifu angefanya kazi, angetengwa na wenzake, na hatimaye angetubu. Wamarekani walilichukua wazo hilo wakalizidisha. Gereza la Eastern State, lililofunguliwa Philadelphia mwaka 1829, lilimweka kila mfungwa peke yake usiku na mchana. Na alipotolewa chumbani alifunikwa uso ili asione wala asitambuliwe. Mwandishi Charles Dickens alilizuru mwaka 1842, akalaani upweke ule kuwa ni mateso ya akili, mabaya kuliko mateso yoyote ya mwili.

Baadaye likaja neno "reformatory", yaani mahali pa kumtengeneza mtu upya. Mwaka 1876 gereza la namna hiyo lilifunguliwa Elmira, katika jimbo la New York, ili vijana wapatiwe elimu na ufundi. Elimu ilitolewa kweli. Lakini katika miaka ya 1890 uchunguzi rasmi ulifichua kwamba vijana hao hao walikuwa wakichapwa kikatili. Jina la matengenezo halikuuzuia mkono uliokuwa ukichapa.

Katika karne ya 20 likashika neno "correction", yaani marekebisho. Mwaka 1970 jimbo la New York liliyabadilisha majina ya magereza yake yote yakawa vituo vya marekebisho, na askari wa magereza wakaitwa maofisa wa marekebisho. Vibao vilibadilishwa, maisha ya mfungwa yalibaki yale yale. Katika gereza la Attica mfungwa aliruhusiwa kuoga mara moja tu kwa wiki, na alipewa bunda moja la karatasi za chooni kwa mwezi. Septemba 1971 wafungwa walilinyakua gereza hilo, wakadai pamoja na mambo mengine watendewe kama binadamu. Siku ya tano serikali ya jimbo ilituma askari wenye bunduki. Watu 39 waliuawa katika shambulio hilo, 29 wakiwa wafungwa na 10 wakiwa mateka waliokuwa watumishi wa serikali hiyo hiyo. Hayo yalitendeka mahali palipoitwa pa kurekebisha watu.

Wala tusijidhani kuwa sisi tumesalimika. Kiswahili nacho husema "kumtia mtu adabu" pale ambapo mtu amepigwa, kana kwamba adabu hupitia mgongoni. Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo. Ni jina jema, linaloonyesha shabaha njema. Lakini jina la namna hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Anayekiita kifungo mafunzo hana budi kuonyesha mwalimu, somo na ufundi anaotoka nao mfungwa siku ya kufunguliwa. Asipoweza, basi jina hilo litakuwa pazia tu, kama lilivyokuwa Attica.

Jambo hili haliishii kwenye lango la gereza. Mwalimu wa Kiingereza anayemzuia mwanafunzi baada ya masomo hutumia neno "detention", neno lile lile la mtu aliyewekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Ofisini nako tunaandika kwamba "hatua za kinidhamu zimechukuliwa", na msomaji wa jalada hajui kama mtu alionywa, alikatwa mshahara au alifukuzwa kazi. Shuleni tunasema mtoto "amerekebishwa", na mzazi anabaki kuhesabu alama za fimbo mwilini mwa mwanawe.

Kwa hiyo wito wetu ni mmoja. Kiboko kiandikwe kiboko, idadi yake itajwe, na jina la aliyekitoa liwekwe sahihi. Kifungo kiitwe kifungo. Neno "marekebisho" tulitunze kwa siku ile ambapo kuna kitu kilichorekebishwa na tunaweza kukionyesha kwa kidole. Mwalimu atakayelazimika kuandika waziwazi alichomtendea mtoto atafikiri mara mbili kabla ya kukitenda. Na mkuu wa ofisi naye atafanya vivyo hivyo. Ukweli wa gereza, kama ulivyo ukweli wa shule, hausomwi kwenye kibao cha langoni. Husomwa kwa mtu anayetoka ndani.