Tamko Kuhusu Watoto Wanaovuja Damu kwa Uvimbe wa Mishipa ya Utumbo

Sisi madaktari wa watoto, wapasuaji na wauguzi tunatoa tamko hili kwa ajili ya mtoto anayeongezewa damu, akaruhusiwa, na wiki chache baadaye akarudishwa wodini viganja vikiwa vyeupe kama mara ya kwanza.

Hapa nchini chanzo cha upungufu wa damu kwa mtoto hutafutwa kwanza kwenye malaria, safura na selimundu. Ni sahihi kuanzia huko. Kosa ni kuishia huko. Uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya utumbo ni nadra, lakini unaweza kuvujisha damu kidogo kidogo kwa miezi bila maumivu. Tena dawa ya madini ya chuma tunayompa mtoto nayo hukifanya choo kiwe cheusi, ikaficha dalili ileile tunayoitafuta.

Tunawaomba watoa huduma wenzetu: mvueni mtoto nguo, mkague ngozi yote. Vivimbe vyekundu vilivyoanza wiki za kwanza za maisha, hasa vikifika vitano, au vinundu vya bluu vinavyobonyea na kujaa tena, vinadai ini na utumbo navyo vichunguzwe. Pimeni damu iliyojificha kwenye choo, kisha mpeni rufaa kwenda penye ultrasaundi, kipimo cha kamera na MRI.

Aina ya uvimbe lazima ijulikane, maana tiba hazifanani. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kwamba mtoto waliyempa propranololi kwa ajili ya moyo, uvimbe wake wa puani ulianza kunywea. Tangu hapo dawa hiyo imekuwa tiba ya kwanza ya vivimbe vyekundu vya aina hiyo vya watoto wachanga. Ni dawa ya bei nafuu, ila hushusha sukari na mapigo ya moyo: mtoto asipewe akiwa na njaa, na mzazi asijinunulie dukani. Vinundu vya bluu, ugonjwa ambao daktari William Bean aliupa jina mwaka 1958, ni mishipa iliyoumbika vibaya. Tiba yake ni sirolimasi, dawa inayofahamika zaidi kwa waliopandikizwa figo. Upasuaji ni kwa sehemu isiyoacha kuvuja, au sehemu ya utumbo iliyojiingiza ndani ya nyingine.

Tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe bima inagharimia sirolimasi na vipimo vyake kwa watoto hawa. Na mtoto yeyote anayeongezewa damu mara ya pili bila chanzo kujulikana, apewe rufaa asirudishwe nyumbani.